Dubai kwa Anayetoka Mwanza: Mambo ya Kuonja na Namna ya Kuyapanga

Abiria wengi wanaotoka Mwanza kwenda Dubai hawaendi kutalii. Wanafuata mzigo: simu, vipodozi, vipuri, nguo, taa. Wanalala Deira, mtaa wa zamani wa biashara, wanashinda hapo na Dragon Mart, soko kubwa la bidhaa za Kichina, mzigo ukishafungwa wanarudi, na wakiulizwa Dubai ikoje wanataja bei za jumla. Mwongozo huu ni wa mtu huyo akiwa na siku tatu au nne za kupumua, na wa yule anayekwenda kutembea tu. Usiipange Dubai kwa orodha ya majina makubwa. Ipange kwa saa na kwa upande wa mji: asubuhi mji wa zamani, mchana ndani kwenye kiyoyozi, jioni jangwani au kwenye majengo marefu. Anayekwenda kinyume na hapo analipa zaidi, anachoka mapema na anaona kidogo.

Kabla ya kuondoka

Chagua mwezi kwanza. Novemba hadi Machi ndiyo miezi ya kutembea kwa miguu. Juni hadi Septemba joto hupita nyuzi 40, na unyevu wa bahari huifanya hewa kuwa nzito hata usiku. Sheria ya huko inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa alasiri, tangu 15 Juni hadi 15 Septemba. Kama fundi wa ujenzi anatolewa juani, mtalii anabaki kutafuta nini? Hoteli hushuka bei miezi hiyo, ndiyo maana wafanyabiashara huipenda, ila usiende ukitegemea jangwa. Global Village, uwanja wa maonyesho ya nchi mbalimbali, na Miracle Garden, bustani ya maua, nazo hufungwa wakati huo.

Mtanzania anahitaji viza mkononi kabla ya kupanda ndege. Hupatikana kupitia shirika la ndege, hoteli au wakala wa safari, na zipo za siku 30 na za siku 60. Pasi iwe na uhai wa miezi sita au zaidi, na majina kwenye viza yafuate pasi herufi kwa herufi. Jina la tatu likirukwa, unaweza kuzuiliwa kaunta ya Dar es Salaam. Ukipitiliza muda, faini ni dirhamu 50 kwa kila siku.

Beba dola, tena noti mpya zisizo na mikunjo wala alama za wino. Shilingi yetu utaibadilisha kwa hasara huko. Dirhamu imefungwa kwenye dola: dola 1 ni dirhamu 3.6725, mwaka nenda mwaka rudi. Kwa hiyo huhitaji kubahatisha. Duka la fedha la Deira likikupa 3.65 umepata bei nzuri. Kaunta ya uwanjani ikikupa 3.50 umeliwa. Badilisha kiasi kidogo tu uwanjani, cha kukufikisha hotelini. Mwenye fedha taslimu nyingi azitangaze: Tanzania kuanzia thamani ya dola 10,000, na kule zikizidi dirhamu 60,000.

Dawa ndizo zinazowaponza watu wasio na hatia. Tramadol, dawa zenye kodeini na baadhi ya dawa za usingizi zinadhibitiwa vikali. Anayezitumia kwa lazima aombe kibali mtandaoni kwa mamlaka za huko kabla ya safari, abebe cheti cha daktari, na aziache kwenye pakiti zake. Mirungi ni dawa ya kulevya, hakuna mjadala. Na kamwe usibebe kifurushi cha jirani ambacho hukukifungua mwenyewe, hata akikuambia ni dagaa wa mtoto wake.

Waambie nyumbani mapema kwamba simu za WhatsApp, za sauti na za video, kwa kawaida hazipiti kule. Ujumbe wa maandishi na wa sauti unakwenda. Watu wengi wa huko hupiga kwa programu ya Botim, kwa hiyo iweke kwenye simu yako na ya mwenzako mkiwa bado Mwanza. Chaja haina shida: soketi ni zilezile za pini tatu bapa tulizozizoea.

Kuingia mjini na kuzunguka

Metro ya Dubai, iliyofunguliwa 2009 na isiyo na dereva, inapita vituo vya Terminal 1 na Terminal 3 vya uwanja wa ndege. Terminal 2 haina metro, na safari nyingi za shirika la ndege la flydubai hutua hapo. Utahitaji basi au teksi. Teksi za uwanjani huanza kuhesabu kwenye dirhamu 25, kwa hiyo mkiwa watu watatu wenye mabegi inalipa, ukiwa peke yako metro inashinda. Metro inaruhusu begi moja kubwa na moja dogo kwa abiria. Marobota ya biashara usijaribu.

Nunua kituoni kadi ya nauli iitwayo Nol, ya daraja la kawaida la Silver: dirhamu 25, ndani yake mna 19 za nauli. Safari moja ni dirhamu 3 hadi 7.50 kulingana na kanda unazovuka. Gusa kadi unapoingia na unapotoka. Jumapili treni huanza saa mbili asubuhi, siku nyingine alfajiri.

Faini za metro ni dirhamu 100, na wageni wengi huzipata kwa njia tatu. Ya kwanza ni kula, kunywa au kutafuna jojo, hata ndani ya kituo. Ya pili ni mwanamume kuingia behewa la wanawake na watoto, lenye alama ya waridi sakafuni. Mara nyingi ni mume aliyemfuata mkewe bila kuangalia chini. Ya tatu ni kupanda behewa la Gold, la daraja la juu, kwa kadi ya Silver. Ukaguzi ni wa kushtukiza. Kuvuka barabara pasipo na kivuko nako ni dirhamu 400, na barabara zenyewe zina njia sita au zaidi, kwa hiyo faini ni nusu tu ya hatari.

Asubuhi moja Dubai Creek

Hapa ndipo penye thamani kubwa kwa fedha ndogo. Dubai Creek ni mkono wa bahari unaoingia katikati ya mji wa zamani: Bur Dubai upande mmoja, Deira upande wa pili. Shuka metro kituo cha Al Ghubaiba, mstari wa kijani, saa mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi. Fuata ukingo wa maji, pita soko la vitambaa, ingia mtaa wa Al Fahidi. Nyumba zake zina minara ya upepo inayoitwa barjeel, iliyo wazi pande zote nne: upepo wa juu hunaswa, ukasukumwa chini hadi chumbani. Ndiyo ilikuwa feni yao kabla ya umeme. Kuingia mtaani ni bure, na saa moja inatosha.

Kisha rudi kituo cha abra, mashua za mbao za abiria. Nauli ni dirhamu 1, unampa nahodha mashua ikishaondoka, kwa hiyo weka sarafu tayari. Noti ya 100 itakuletea maneno. Usichanganye na anayekuita pembeni kukukodisha mashua nzima, huyo bei yake ni nyingine kabisa. Kwa aliyezoea kivuko cha Kamanga safari ni fupi mno, dakika chache tu, lakini kwa dirhamu 1 hakuna kinachoizidi mji mzima. Keti upande wa nje, shika simu kwa mikono miwili.

Unashukia Deira, mbele ya soko la viungo. Iliki, ubani, ndimu kavu na mdalasini unavijua. Cha kuangalia ni zafarani, kwa sababu ndiyo inayochakachuliwa. Omba nyuzi mbili tatu utie kwenye maji ya uvuguvugu. Zafarani halisi hutoa rangi ya manjano ya dhahabu polepole, na nyuzi zenyewe hubaki nyekundu. Ya bandia hutema rangi papo hapo, nyuzi zikapauka. Muuzaji akikataa jaribio hilo, endelea na safari yako. Bei ya kwanza hapa ni ya kupimana ubavu. Nusu yake ndipo mazungumzo yanapoanza.

Dhahabu, kwa watu wanaotoka jirani na Geita

Soko la dhahabu liko mwendo wa dakika kumi kutoka kwenye viungo, na maduka yake hufunguliwa karibu saa nne asubuhi. Mchana mengi ya jirani hufungwa kidogo, na Ijumaa huchelewa hadi baada ya swala. Kwenye dirisha mojawapo kuna pete ya karibu kilo 64, iliyoingia kwenye rekodi za Guinness. Kuitazama ni bure na inastahili dakika tano.

Ukitaka kununua, fahamu bei inavyojengwa, kwani hapo ndipo watu hupigwa. Bei ya gramu kwa kila karati hutangazwa kila siku na huwa imebandikwa dukani, hiyo haishuki. Kinachoshuka ni ujira wa sonara, na huo ndio wa kupatana. Juu yake inakuja VAT ya asilimia 5. Chukua mfano wa hesabu: mkufu wa gramu 10, karati 22, na tuseme bei ya siku ni dirhamu 400 kwa gramu. Dhahabu ni 4,000. Ujira mkipatana 15 kwa gramu ni 150. Jumla 4,150, VAT 207.50, unalipa 4,357.50. Muuzaji anayekutajia bei moja ya mkupuo bila kukutenganishia hivyo, anaficha ujira.

Angalia mhuri: 750 ni karati 18, 875 ni 21, 916 ni 22, 999 ni 24. Pambo lenye mawe lipimwe mawe yakiwa yametolewa kwenye hesabu, la sivyo unanunua kioo kwa bei ya dhahabu. Risiti iandikwe uzito, karati na ujira. Na useme mapema kwamba wewe ni mtalii, uonyeshe pasi, ili dukani wakusajilie marejesho ya VAT. Manunuzi yaanzie dirhamu 250. Hurudishiwi yote: ni sehemu kubwa ya kodi, ukitoa dirhamu 4.80 za huduma. Kwa mkufu wetu ni zaidi ya dirhamu 170. Fedha hizo hushughulikiwa uwanjani siku ya kuondoka, kabla ya kukabidhi begi kaunta. Ukishalikabidhi, huna tena cha kuonyesha endapo watataka kukagua.

Vijana watakaokunong'oneza "saa, mikoba" hadi mwisho wa soko wanauza vya bandia, ghorofani, nyuma ya milango iliyofungwa. Usiwafuate.

Njaa ikiuma, panda teksi hadi Waterfront Market, soko la samaki la Deira. Mtu wa Mwaloni Kirumba atatembea humo kwa kiburi cha anayejua samaki, kisha akute kila kitu ni cha chumvi: chewa, ambao wao huwaita hammour, nguru, changu, kamba wa kila ukubwa. Nunua, peleka sehemu ya kusafisha, kisha migahawa ya hapohapo watakuchomea. Uliza bei ya kuchoma kwa kilo kabla ya kukabidhi samaki.

Jioni ya jangwani

Hili usiliache, na usilinunue kwa mtu wa kwanza anayekupa kipeperushi. Safari ya kuchangia gari kwa kawaida hupatikana chini ya dirhamu 200, ya gari lako peke yako ni mara kadhaa ya hapo. Kabla ya kulipa uliza maswali haya: mchanga ni ule mwekundu wa Lahbab au ni wa karibu na mji? Kuruka vilima kunachukua dakika ngapi? Chakula, ngamia na kuchukuliwa hotelini vimo ndani ya bei? Wa bei ya chini kabisa mara nyingi hukupeleka kambini kwa basi na kuhesabu vilima kama nyongeza.

Wanakuchukua kati ya saa nane na saa tisa alasiri, kulingana na msimu. Mwanza jua huzama karibu saa ileile mwaka mzima. Kule Desemba linazama kama saa kumi na moja na nusu jioni, Juni linapita saa moja. Mkichelewa kutoka, mnafika gizani na safari imeharibika.

Ukingoni mwa mchanga dereva husimama na kupunguza upepo wa matairi, hadi kama nusu ya kawaida. Tairi likilegea hulala na kutandaza uzito wa gari. Likibaki gumu linachimba na kuzama. Kisha mnapanda na kuteremka vilima kwa kasi, gari likiinama upande, na hapo ndipo matumbo husema. Kula chakula chepesi saa mbili kabla, epuka maziwa na soda, na mwenye kuumwa garini anywe kidonge cha kichefuchefu mapema, si akishaanza kujisikia vibaya. Kaa mbele au safu ya katikati. Safu ya nyuma hurushwa kuliko zote. Tazama mbali kwenye upeo, si kwenye simu. Mwambie dereva apunguze, yeye amezoea kuambiwa. Mjamzito, mwenye matatizo ya mgongo, shingo au moyo, na mtoto mdogo wasiingie kabisa. Waombe wapelekwe kambini moja kwa moja.

Ngamia husimama kwa miguu ya nyuma kwanza, kwa hiyo unatupwa mbele: egemea nyuma, shika mpini. Anapopiga magoti huanza na ya mbele, egemea nyuma tena. Pikipiki za magurudumu manne na picha na kipanga hulipiwa pembeni, uliza bei kabla mkono haujagusa chochote. Kwenye hina, kubali ya kahawia tu. Ile nyeusi inayokolea kwa dakika chache ina kemikali ya rangi ya nywele, sawa na piko, na inaweza kuunguza ngozi na kuacha kovu.

Vaa suruali nyepesi na ndala za kukung'utika mchanga, beba sweta kuanzia Desemba hadi Februari kwa sababu usiku jangwa hupoa haraka, na simu itie kwenye mfuko wa plastiki. Asiyependa kurushwarushwa aulize safari za Dubai Desert Conservation Reserve, hifadhi iliyoanzishwa 2003. Ni ghali zaidi, ila huko unaona choroa wa Arabuni, mweupe mwenye pembe ndefu, na kelele ni chache.

Burj Khalifa na jirani zake

Jengo lina mita 828, lilifunguliwa Januari 2010, na mlango wa watalii uko ndani ya Dubai Mall, ghorofa ya chini. Kutoka kituo cha metro kuna ushoroba wenye kiyoyozi wa karibu kilomita moja. Watu wanausahau kwenye hesabu ya muda, wanafika jasho likiwatoka na zamu yao imepita. Nunua tiketi mtandaoni, ghorofa za 124 na 125. Ile ya 148 ni ghali mno kwa tofauti ndogo ya mandhari. Saa za machweo ndizo bei ya juu, na nafasi huisha kwanza. Ujanja ni kununua saa moja hadi moja na nusu kabla ya kipindi hicho, na ukishapanda usiharakishe kushuka. Siku ya vumbi mji hauonekani, basi tazama anga asubuhi kabla ya kulipa.

Chemchemi za maji mbele yake ni bure. Zilifungwa mwaka 2025 kwa ukarabati, zikafunguliwa tena Oktoba mwaka huohuo. Jioni hucheza kila baada ya nusu saa kuanzia saa kumi na mbili. Usilipe meza ya mgahawa kwa ajili yake. Simama kwenye daraja la Souk Al Bahar dakika kumi na tano kabla. Tangi la samaki la Dubai Mall pia, lita milioni 10, kioo chake kikubwa kinaonekana bila tiketi.

Museum of the Future, lile jengo la duara lenye maandishi ya Kiarabu, tiketi zake huisha siku kadhaa kabla. Kwa mwenye muda mfupi, kulitazama kutoka nje kunatosha. Dubai Frame, mita 150, tungelichagua badala ya Burj Khalifa kwa familia yenye bajeti ndogo: upande mmoja unaona Deira, upande wa pili minara yote.

Ukibakiwa na siku

Nenda Abu Dhabi, Msikiti wa Sheikh Zayed. Kituo cha mabasi cha Ibn Battuta kina basi E101, dirhamu 25 kwa kadi ya Nol, kisha teksi. Kuingia ni bure lakini lazima ujiandikishe mtandaoni. Mwanamke avae nguo ndefu, isiyobana wala kuonyesha mwili, na kichwa kifunikwe. Mwanamume asivae kaptura. Ijumaa mchana wageni hawaingii. Fika saa moja na nusu kabla ya machweo uone marumaru ikiwa nyeupe, kisha taa zikiwaka.

Mahali popote, usipige picha ya mtu, hasa mwanamke, bila ruhusa, na ugomvi wa biashara usiuandike kwa matusi kwenye simu: ujumbe wa matusi kule ni kosa la jinai.

Siku ya kurudi, pima mabegi hotelini. Kama tiketi ya Dubai hadi Dar es Salaam na ile ya Dar hadi Mwanza ulizinunua mbalimbali, kila moja ina kikomo chake cha uzito, na ya ndani ndiyo ndogo. Utachukua mabegi Terminal 3 ya Dar es Salaam, upite forodha na risiti zako mkononi, kisha uyahamishie jengo la safari za ndani. Acha saa nne katikati, au tano kama una bidhaa za kukadiriwa ushuru. Pawabanki na dhahabu vikae kwenye begi la mkononi.